Kampuni ya Lamu, kazi ya Pangani: uende bila kusajili, ufungue tawi au uunde kampuni tanzu?

Kazi iko Pangani, Tanzania; kampuni iko Lamu, Kenya. Hoteli inataka mabanda yake yaezekwe makuti, dari za boriti, lipu ya chokaa, na zidaka ukutani kama za nyumba za mtaa wa Mkomani hapa Lamu. Ami mmoja, fundi aliyelea mafundi wengi wa mji huu, aliniletea barua ya hoteli hiyo ofisini akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nikienda kule nitalipa kodi ya nani?"

Nikamwambia, "Ya wote wawili, ami. Tunachochagua ni kiasi."

Hakupendezwa na jibu hilo, nami sikumlaumu. Wazee wake walikwenda Pangani, Bagamoyo na Unguja kwa jahazi, wakarudi na pepo za kusi bila kujaza fomu hata moja. Siku hizi Pangani ni nchi nyingine, na mkandarasi anayevuka mpaka hukutana na mamlaka mbili za mapato zisizokubaliana juu ya faida ile ile. Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa wengine wa Lamu na Malindi wanaoanza kuitwa kazi ng'ambo. Nimeona kampuni nzuri ikirudi na sifa tele, pesa hakuna, kwa sababu tu njia ya kuingilia ilichaguliwa na mtu wa usafirishaji badala ya mhasibu.

Kwanza, nyumbani

Wengi hudhani kwamba pesa iliyopatikana Tanzania ni ya Tanzania, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haihusiki. Sivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, kifungu cha 4(a), inasema kampuni mkaazi wa Kenya ikiendesha biashara sehemu ndani ya nchi na sehemu nje, faida yote ya biashara hiyo inahesabiwa kuwa imetokana na Kenya. Kampuni yenye karakana Lamu na mradi mmoja Pangani ndiyo hasa inayosemwa hapo. Kwa hiyo asilimia 30 ya KRA inakusubiri ukirudi.

Je, kodi uliyoacha Tanzania haipunguzi deni la Kenya? Inapunguza, lakini kidogo. Hapa ndipo penye jambo lenyewe, na ningeomba msomaji asipite mbio.

Nchi mbili zikiwa na mkataba wa kuzuia kodi mara mbili unaofanya kazi, kodi uliyolipa kule hutolewa kwenye kodi unayodaiwa hapa, shilingi kwa shilingi. Kenya ina mikataba ya namna hiyo na nchi kama Zambia, Afrika Kusini, Uingereza na India. Lakini haina na Tanzania. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2010, na hadi leo haujaanza kutumika kwa kuwa haujaridhiwa na wote. Linaniuma hili. Tunaambiwa soko ni moja, lakini fundi wa Lamu anayefanya kazi Tanga ana ulinzi mdogo wa kikodi kuliko angefanya kazi Lusaka.

Bila mkataba, kodi ya Tanzania unaitoa kama gharama tu, sawa na mafuta ya lori. Ukilipa shilingi 100 kule, hapa unaokoa shilingi 30, zile 70 zimekwenda.

Njia tatu, hesabu moja

Tuchukue mkataba wa shilingi milioni 10 za Kenya, gharama milioni 7, faida milioni 3. Nimeweka tarakimu nyepesi ili mtu aweze kufuata kwa kalamu.

Njia ya kwanza ni kwenda kama kampuni ya kigeni isiyo mkaazi, bila kusajili chochote. Unafanya kazi, unaleta ankara, na hoteli inakukata kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla ya kukulipa. Kwa asiye mkaazi hiyo ndiyo kodi ya mwisho. Huna ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, ya kujaza TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Wengi huipenda kwa wepesi huo. Lakini tazama asilimia 15 ni ya nini: ni ya malipo yote, wala si ya faida. Milioni 10 inakatwa milioni 1.5, nusu ya faida yako, kabla hujarudi nyumbani. KRA kisha inachukua asilimia 30 ya ile milioni 1.5 iliyobaki, yaani 450,000.

Njia ya pili ni kusajili tawi la kampuni yako Tanzania. Tawi linatozwa asilimia 30 ya faida, 900,000, kisha faida iliyobaki ya milioni 2.1 inatozwa asilimia 10 nyingine inaporudishwa kwa kampuni mama, 210,000. Lakini tawi ni wewe mwenyewe. Faida yake ni faida ya kampuni ya Lamu, kwa hiyo KRA inaitoza tena. Hata tukikubaliwa kutoa kodi zote mbili za Tanzania kama gharama, inabaki 1,890,000 ya kutozwa asilimia 30, ambayo ni 567,000.

Njia ya tatu ni kuunda kampuni tanzu: kampuni ya Kitanzania, yenye hisa zinazomilikiwa na kampuni ya Lamu. Inalipa asilimia 30 ya faida, 900,000, kisha inapotuma gawio nyumbani inakata zuio la asilimia 10, 210,000. Mpaka hapo ni sawa kabisa na tawi. Tofauti ni kwamba kampuni tanzu ni mtu mwingine machoni pa sheria. Faida yake si yako mpaka ikugawie, na gawio linalotoka kwa kampuni isiyo mkaazi wa Kenya halihesabiwi kuwa limetokana na Kenya. KRA haipati fungu la pili.

| | Bila kusajili | Tawi | Kampuni tanzu |
|---|---|---|---|
| Kodi Tanzania | 1,500,000 | 1,110,000 | 1,110,000 |
| Kodi Kenya | 450,000 | 567,000 | 0 |
| Jumla | 1,950,000 | 1,677,000 | 1,110,000 |
| Inayobaki | 1,050,000 | 1,323,000 | 1,890,000 |

Ami alipoona mstari wa mwisho akasema, "Basi kwisha maneno, tuunde kampuni." Nikamwomba asubiri. Jedwali hilo ni la kweli, ila kuna vitu visivyoingia ndani yake.

Kampuni tanzu ina gharama zake

Kampuni ya Kitanzania inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inapewa namba ya mlipakodi, inakadiria kodi yake mapema na kuilipa kwa awamu, inatengeneza hesabu za mwaka zilizokaguliwa, na kazi ikiisha inafungwa kwa utaratibu unaochukua muda mrefu kuliko kuifungua. Kwa ukandarasi kuna pia bodi ya usajili wa makandarasi, ambayo kwa Bara ni CRB. Kwa mradi mmoja wa miezi mitano, gharama hizo zinaweza kula nafuu yote unayoiona kwenye jedwali. Kwa mtu mwenye miradi mitatu iliyofuatana kati ya Tanga na Bagamoyo, ni kitu kidogo.

Lakini kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya gharama. Kampuni iliyosajiliwa nje huhesabiwa mkaazi wa Kenya ikiwa uongozi na udhibiti wa mambo yake unafanyika Kenya. Sasa tumfikirie mkurugenzi wa Lamu ambaye kila hundi ya Pangani lazima aitie saini yeye, kila mkataba unaamuliwa barazani kwake, kila mkutano wa bodi uko mtaani Langoni, Lamu. Karatasi zinasema kampuni ni ya Tanzania. Mwenendo unasema ni ya Lamu. KRA ikishika mwenendo, ule ukuta unaozuia kodi ya pili umebomoka. Anayechukua njia hii awe na mtu mwenye mamlaka ya kweli upande wa pili, mikutano ifanyike kule, kumbukumbu ziandikwe kule.

Vilevile huwezi kuinyonya faida ya kampuni tanzu kwa kuiandikia ankara kubwa ya "ada ya usimamizi" kutoka Lamu. Mamlaka zote mbili zinadai bei kati ya kampuni za undugu iwe ile ambayo wageni wangekubaliana, na ada hiyo nayo inakatwa zuio la asilimia 15 inapovuka mpaka.

Njia ya kwanza si mbaya kwa kila mtu

Nilipokuwa nikimfanyia ami hesabu hizi nilikumbuka mchoraji ramani wa Malindi aliyepata kazi ya kubuni na kusimamia nyumba kando ya Tanga. Gharama zake ni tarakilishi, nauli na chumba cha kulala. Katika kila milioni 10, milioni 7 ni faida. Kwake zuio la asilimia 15 ni milioni 1.5, na KRA inachukua asilimia 30 ya milioni 5.5, ambayo ni 1,650,000. Jumla ni 3,150,000. Angefungua tawi, Tanzania ingechukua 2,590,000 na Kenya 1,323,000, jumla 3,913,000. Kwa mtu huyu njia ya kwanza inashinda tawi kwa zaidi ya laki saba, tena hana ritani za kigeni.

Sababu ni kwamba zuio linakata malipo, tawi linakata faida. Ukipiga hesabu ya upande wa Tanzania peke yake, vitu hivi viwili hulingana pale faida inapokuwa kama asilimia 40 ya mkataba. Faida yako ikiwa juu ya hapo, kama ilivyo kwa washauri, wabunifu na wasimamizi, zuio ni nafuu. Ikiwa chini, kama ilivyo kwa kila anayenunua boriti, saruji na chokaa, zuio linaumiza. Na faida ikiwa asilimia 10 tu, jambo la kawaida kwenye ujenzi wenye ushindani, zuio la asilimia 15 linakula faida yote na kuingia kwenye mtaji. Umefanya kazi ya mtu na ukamlipia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza njia ipi bora, mimi humuuliza kwanza: katika kila shilingi 100 ya mkataba, ngapi ni zako?

Mkataba wenyewe unaweza kubadili jibu

Zuio la asilimia 15 linakata ada ya huduma, halikati bei ya bidhaa. Mikataba ya watu wetu huandikwa tarakimu moja: "kuezeka na kupiga lipu, milioni 10." Ukiandika hivyo, umeifanya kila kuti na kila mlango wa kuchongwa kuwa huduma.

Tuseme ndani ya zile milioni 10, milioni 4 ni bidhaa kweli: milango, makuti, chokaa. Mkataba ukizitenganisha, na ankara zikafuata mkataba, zuio ni asilimia 15 ya milioni 6, yaani 900,000. Kenya inatoza asilimia 30 ya 2,100,000, ambayo ni 630,000. Jumla 1,530,000, na mkononi inabaki 1,470,000. Njia ya kwanza, iliyokuwa ya mwisho kwenye jedwali, sasa imelipita tawi. Wala hakuna hila hapo. Bidhaa ni bidhaa, zina stakabadhi za kununulia, zinapita forodhani kwa jina lake. Isipokuwa usiongeze chumvi. Ukiandika mlango wa laki moja kuwa wa laki tano ili kupunguza huduma, forodha itataka VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa bei hiyo hiyo uliyoiandika, na mteja ndiye atakayelalamika.

Jambo la pili la mkataba ni nani anabeba kodi. Ukitaka milioni 10 ziingie mkononi baada ya zuio, bei si milioni 11.5 kama wengi wanavyojumlisha. Gawanya milioni 10 kwa 0.85, upate 11,764,706. Mteja mkubwa wa hoteli anaijua hesabu hii kuliko wewe, na akikuona huijui atanyamaza.

Miezi sita

Yote niliyosema juu ya njia ya kwanza yana ukomo. Sheria ya Tanzania inahesabu mradi wa ujenzi au ufungaji unaodumu miezi sita au zaidi kuwa kituo cha kudumu cha kampuni ya kigeni, pamoja na usimamizi wa mradi huo. Ukifika hapo wewe ni tawi, umesajili au hukusajili. Na aliye tawi bila kusajili anadaiwa kodi, riba na faini kwa miezi yote aliyokuwa kimya.

Mvua za masika zikisimamisha kazi wiki tatu, kalenda inaendelea. Kampuni moja ninayoifahamu ilipanga miezi mitano, hoteli ikaongeza mabanda mawili "kwa kuwa mko hapa hapa", mwezi wa saba ukawakuta juu ya paa. Hayo mabanda mawili yaliwagharimu kuliko yalivyowalipa. Kama unaona mradi una kila dalili ya kurefuka, anza na tawi au kampuni tanzu tangu mwanzo. Na hata chini ya miezi sita, usikodi ofisi ya kudumu yenye kibao na karani. Mahali pa kuendeshea biashara panaweza kukufanya kituo cha kudumu bila kungoja miezi.

Mengine nitayapitia upesi, kwa kuwa hayabadilishi uchaguzi. VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18. Mteja aliyesajiliwa anapopokea huduma kutoka nje huihesabu yeye mwenyewe. Zanzibar ina sheria yake ya VAT inayosimamiwa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ingawa kodi ya mapato huko ni ya TRA, kwani ni jambo la Muungano. Upande wa Kenya, huduma inayotumika nje ya nchi inatozwa VAT ya asilimia sifuri, kwa hiyo VAT uliyolipa kwenye vifaa vya kazi hiyo unaweza kuidai. Mafundi wako wa Kenya wanahitaji vibali vya kazi Tanzania, Jumuiya au si Jumuiya, na mishahara yao inahitaji hesabu ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, pande zote mbili: Tanzania ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, Kenya tarehe 9. Mashine na jukwaa la chuma zinazopita Lunga Lunga kuingia Horohoro, ziandikishwe kuwa zimeingia kwa muda, usizidi miezi 12, la sivyo utazilipia ushuru kama bidhaa.

Wakija wao kwetu

Nataka niseme pia upande wa pili, kwa sababu Lamu yenyewe ni mahali pa miradi ya kigeni. Bandari iliyofunguliwa Mei 2021 ilijengwa na kampuni ya China, na wakandarasi wadogo kutoka Tanzania huniuliza maswali yale yale ya ami. Kwao Kenya ni kali zaidi. Ada ya ukandarasi kwa asiye mkaazi inakatwa asilimia 20 badala ya 15. Mradi wa ujenzi ukipita siku 183 ni kituo cha kudumu. Kwa huduma za ushauri ni siku 91 tu ndani ya miezi 12. Tawi linatozwa asilimia 30, kisha asilimia 15 ya faida inayorudishwa kwao. Anayekumbuka kiwango cha asilimia 37.5 kwa matawi ya kigeni anakumbuka sheria ya zamani; ilibadilika kuanzia Januari 2024. Kwa hiyo mchonga milango wa Unguja anayekuja kukarabati nyumba ya Mji Mkongwe wa Lamu aogope zuio kuliko ami anavyoliogopa la Tanzania, na atenganishe bidhaa na kazi kwa uangalifu mara mbili.

Tulivyoamua

Mkataba wa ami ni wa miezi mitano, na barua haikuahidi mwingine. Bidhaa ni karibu nusu. Faida yake ni ya kawaida. Sikumshauri kampuni tanzu, ingawa jedwali linaipendelea, kwa sababu hana mtu wa kuiongoza Pangani, na kampuni inayoongozwa kutoka barazani Mkomani ingemletea kesi. Tawi lingemtoza mara mbili bila kumpa chochote. Amekwenda bila kusajili, mkataba una vifungu viwili vya bei, kimoja cha bidhaa na kimoja cha kazi, na kifungu cha tatu kinachosema kazi ya nyongeza inahitaji mkataba mpya na kibali chake cha maandishi.

Hicho cha tatu hakupenda kukitia. "Mteja ataona simuamini," alisema. Nikamwonyesha kalenda. Nimempa daftari lenye kurasa mbili za mwanzo tupu: ya kwanza aandike tarehe fundi wa kwanza atakapokanyaga uwanja wa hoteli, ya pili abandike hati za zuio ambazo hoteli inapaswa kumpa kila inapomkata. Bila hati hizo KRA haitakubali hata ile gharama. Ritani yake ya Kenya inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wake wa hesabu kuisha, na nimemwambia asinipigie simu mwezi wa sita akiwa mikono mitupu. Aniletee daftari.